Kasuku Asiyejua Kusema "Sijui"

Kasuku hakuwahi kunywa chai yake ya asubuhi ikiwa moto. Kila akishika kikombe, shangazi alikuwa akimwita kutoka chumbani amsomee maandishi ya chupa ya dawa ya kikohozi. Mama naye alitaka kuelezwa redio imesema nini kuhusu mvua. Mara nyingi jirani wa ghorofa ya juu, mgeni kama wao, alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. "Mwanangu, zungumza na huyu mtu," alisema jirani. "Anasema maneno mengi, nami naitikia tu. Naogopa nimeshakubali kitu."

Kasuku halikuwa jina lake, ila ndilo lililomganda. Familia ilipohamia nchi ile ya Kiingereza yeye alikuwa mdogo. Aliingia shule, na Kiingereza kikamwingia bila taabu, ila watu wazima wa nyumbani kiliwakataa kabisa. Mama alijua kuamkia, kushukuru na kusema amemaliza kazi. Shangazi, dada yake baba, alijua neno la kukataa tu, na alisema hilo moja linamtosha kuishi na watu. Baba alibaki walikotoka, na habari zake zilikuja vipande vipande. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba nzima, kwa mwenye nyumba, kwa fundi bomba na kwa daktari.

"Mimi nina kasuku wa kufuga," shangazi aliwatambia majirani. "Hali mbegu, ananimalizia sukari, lakini akifungua mdomo hata wenyeji wananyamaza."

Tusimfiche, sifa hizo zilimlevya. Kasuku alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kwamba hakujua kusema "sijui". Neno likimpotea, alishika lililo karibu akalisema kwa sauti kubwa, na kwa kuwa hakuna nyumbani aliyeweza kumsahihisha, alipita nalo salama. Siku moja kliniki, shangazi alisema anasikia kizunguzungu. Kasuku alitafsiri huko "kusikia" kwa neno la masikio, na daktari akamchungulia shangazi masikio yote mawili mpaka ndani, kisha akampa dawa ya matone. Shangazi alirudi amefurahi. "Daktari yule ana bidii," alisema. "Kizunguzungu kiko kichwani, yeye amekitafuta mpaka masikioni." Kasuku alijifungia bafuni akacheka mpaka akashika tumbo, na hakumwambia mtu.

Mama alikuwa msafishaji katika nyumba ya kutunzia wazee. Alipiga deki kwenye korido ndefu, akaosha vyombo vya chakula cha jioni, akabadilisha mashuka. Wazee walimpenda, naye aliwapenda, lakini mapenzi yao yalikuwa ya ishara za mikono. Kulikuwa na mmoja aliyemwita Mzee wa Redio, kwa sababu hakuiachia redio yake hata akilala. Mzee huyo alipenda kumsimulia mama mambo marefu.

"Ananisimulia huku machozi yanamtoka," mama alisema siku moja akivua viatu. "Nami namjibu ahsante. Mtu analia, wewe unamwambia ahsante. Unaona aibu gani hiyo?"

Mwaka ule mama alikuwa amepata kitu ambacho hakuthubutu hata kukiota. Mfuko mmoja ulikuwa ukitoa ufadhili wa masomo kwa wahamiaji. Aliyepata ufadhili alijifunza Kiingereza darasani, kisha akafundishwa kazi, na kazi aliyoichagua mama ilikuwa ya muuguzi msaidizi. Walioomba walikuwa wengi, waliochukuliwa wakahesabika kwa vidole, na mama akawa miongoni mwao. Kilichobaki ni neno la msimamizi wa nyumba ya wazee kwamba mama ni mtu wa kuaminika kazini. Basi. Baada ya hapo angeacha ndoo na kushika daftari.

Nyumba yao ilibadilika. Mama alikariri maneno akikosha masufuria. Alinunua kalamu akaziweka juu ya kabati, na kila alipopita alizigusa. Shangazi alimtania kwamba wifi yake sasa atakuwa anakohoa kwa Kiingereza. Mama alicheka, na Kasuku alikuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu walipohama.

Simu ya msimamizi ilikuja alasiri moja, Kasuku akiwa amesimama mlangoni amevaa raba, anasubiriwa chini na wenzake wacheze mpira wa wavu. Msimamizi alikuwa mama mrefu, mwenye maneno ya haraka. Alisema Mzee wa Redio ameugua tumbo, ametapika toka asubuhi, na kila aliyefanya kazi jikoni jana jioni anaulizwa alifanya nini.

"Anauliza jana jikoni ulifanya nini," Kasuku alisema, mguu mmoja nje ya mlango.

"Mzee wangu masikini," mama alisema. "Mwambie nilipiga deki, nikaosha vyombo. Vikombe vya wazee vilikuwa na madoa ya chai, nikavitia dawa, nikavisuuza mara mbili kwa maji safi, nikavipanga kabatini."

Sasa, Kiswahili chetu kina ukarimu kwenye neno hili. Dawa ni ya homa, na dawa ni ya meno. Kuna dawa ya viatu, dawa ya mende, dawa ya choo, na dawa ya kutoa madoa kwenye vikombe. Kiingereza hakina ukarimu huo. Kila dawa ina jina lake, na neno alilolijua Kasuku lilikuwa la dawa ya hospitali, ile anayopewa mgonjwa aimeze. Ndilo alilolitumia. Na kwa kuwa "kusuuza" hakulikumbuka upesi, na mpira chini ulikuwa umeanza, aliliruka.

"Alisafisha sakafu, akaosha vyombo, akatia dawa ndani ya vikombe vya wazee," ndivyo msimamizi alivyosikia.

Upande wa pili kukawa kimya. "Muulize tena," msimamizi alisema polepole. "Alitia dawa ndani ya vikombe?"

"Ndiyo," Kasuku alijibu bila kumuuliza mama, maana mwenyewe alikwisha kusema.

"Mzee anaendeleaje?" mama aliuliza kwa hofu. "Mwambie pole. Pole sana, kwa mzee na kwa watoto wake."

Pole nayo ni neno letu la kumpa kila mtu. Aliyejikwaa tunampa pole, na aliyefiwa tunampa pole, wala hatujamsukuma wa kwanza wala kumuua marehemu wa yule wa pili. Kasuku alitafuta pole ya Kiingereza, akashika iliyokuwa karibu.

"Anaomba msamaha," alimwambia msimamizi. "Anaomba msamaha sana kwa mzee na watoto wake."

Kisha alikata simu, akashuka ngazi akikimbia. Timu yao ilishinda siku ile.

Kesho yake mama alirudishwa kutoka mlangoni mwa nyumba ya wazee hata kabla hajavua koti. Alipewa karatasi, na Kasuku aliisoma mezani. Ilisema mama amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe, kwa kuwa amekiri mwenyewe. Jioni akapiga simu mama mmoja wa ule mfuko wa ufadhili, mwenye sauti ya upole. Alisema wamepata habari mbaya kutoka kazini kwa mama. Watamshikia nafasi mpaka Ijumaa mchana, na msimamizi asipobadilisha neno lake, nafasi atapewa mwingine. Safari hii Kasuku alitafsiri kila neno, maana hapakuwa na neno gumu.

"Nimekiri nini?" mama aliuliza. Alimtazama Kasuku, akamtazama shangazi. "Mimi nimekiri nini jamani?"

Shangazi aliigeuza ile karatasi huku na huku, kana kwamba jibu liko nyuma yake.

Mkosi wa maneno ulimfikia Kasuku shuleni. Mwenzake wa dawati moja alisifu viatu vyake vinavyong'aa, akamuuliza anavifanyaje. Kasuku alimjibu kwa Kiingereza chake cha majivuno kwamba kila asubuhi anavipaka dawa. Mwenzake aliangua kicheko. "Viatu vyako vinaumwa nini?" alimuuliza. "Homa?" Dawati la mbele nalo likacheka. Wakamfundisha neno lenyewe, la rangi ya viatu, wakaendelea kumtania kwamba viatu vyake vipelekwe hospitali.

Kasuku naye alicheka, kisha kicheko kikamkatika. Aliona vikombe vya wazee. Alisikia kimya kile cha msimamizi kwenye simu. Alitaka kuinuka atoke darasani, lakini alikaa pale mpaka kengele ikalia bila kusikia mwalimu anafundisha nini. Ilikuwa Jumatano.

Alifika nyumbani na maneno yakiwa mdomoni. Angeyasema mlangoni pale pale, lakini shangazi alimwahi. Alimshika mabega mbele ya jirani wa juu, akasema, "Lau si huyu, sisi tungekuwa mabubu hapa. Wao wametuonea, lakini angalau kasuku wetu alimtetea mama yake neno kwa neno." Kasuku alimeza mate, na maneno yakashuka nayo.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, mikono mapajani, mikono ambayo haikuzoea kukaa bure. "Mwanangu," alisema. "Siku ile, uliwaambia kwamba nilisuuza?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia, na njia ilikuwa wazi. Kasuku aliiona.

"Niliwaambia, mama," alisema.

Mama alitikisa kichwa, akageukia dirisha. Kasuku alijiambia atasema kesho. Alhamisi ikafika, akajiambia mama anaumwa kichwa, asimwongezee. Akajiambia pia kwamba huenda msimamizi atagundua mwenyewe, kwa kuwa watu wazima wana akili. Mwoga hakosi sababu, na kila sababu ya Kasuku ilionekana ina huruma ndani yake. Kalamu juu ya kabati hazikuguswa tena. Shangazi aliacha utani, na nyumba ikawa ya watu wanaoombana radhi wakipishana koridoni.

Ijumaa, Kasuku alirudi kutoka shule akamkuta mama jikoni, amesimama mbele ya sinki. Alikuwa na kikombe mkononi. Alikisuuza, akakinusa, akakisuuza tena, akakinusa.

"Labda sikusuuza," mama alisema bila kugeuka. "Nimekaa nimefikiri. Wao si wajinga, hawawezi kunisimamisha bure. Labda akili yangu imeanza kuchoka. Nilikuwa na haraka jioni ile, nikadhani nimesuuza. Labda ni mimi niliyemtesa mzee wa watu, na sikumbuki." Alikiweka kikombe chini taratibu. "Basi bora nafasi wampe mwingine. Mtu asiyejua mikono yake imefanya nini atauguzaje mgonjwa?"

Kasuku angeweza kuvumilia mama akilia. Angeweza kuvumilia hata kupigwa. Kumwona mama akijishuku mwenyewe kwa uongo wa mtoto wake kulimshinda.

"Ulisuuza, mama," alisema. "Mimi ndiye sikusema."

Akaeleza yote: dawa, pole, mpira wa wavu, kicheko cha darasani, na ule uongo wa Jumatano. Alieleza akitazama sakafu. Alipomaliza, mama hakupiga kelele wala hakuinua mkono. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayemtazama mgeni ili akumbuke wamewahi kukutana wapi. Kisha alikwenda chumbani akavaa viatu, akarudi akachukua chupa ya dawa ya madoa na kikombe, akavitia mfukoni mwa koti.

"Twende," alisema.

Msimamizi aliwapokea ofisini kwake, chumba chembamba chenye funguo nyingi ukutani. Kasuku alisema sehemu yake kwanza, kwa Kiingereza, na sauti yake ile kubwa haikutoka. Alisema hakujua maneno akajifanya anayajua. Alisema amejua kosa lake tangu Jumatano akanyamaza. Kisha mama alimzuia kwa mkono. Alitoa chupa, akaiweka mezani, na kikombe kando yake. Akamimina maji kutoka kwenye jagi la msimamizi. Alionyesha dawa, akaonyesha doa, akaonyesha maji mara ya kwanza, maji mara ya pili, akakikung'uta kikombe na kukigeuza juu ya kitambaa. Mwisho alikijaza kikombe kile kile maji, akayanywa mbele ya msimamizi.

Msimamizi alikichukua kikombe, akakitazama ndani. Alisema daktari ameshagundua kwamba ni ugonjwa wa tumbo wa kuambukizana, na wazee wengine wawili wameupata. Mzee wa Redio ameanza kula. Kilichomfunga yeye, alisema, ni kwamba mama alikiri na kuomba msamaha.

"Na mimi nina kosa langu," aliongeza, akimtazama Kasuku. "Jambo zito namna ile sikupaswa kumtwisha mtoto. Nilipaswa kutafuta mkalimani mtu mzima. Nimeokoa dakika chache, tazama nilichoharibu."

Akaandika pale pale kwamba msafishaji wake hana hatia yoyote na arudi kazini Jumatatu. Kasuku alimtafsiria mama, na kwa mara ya kwanza wiki ile mama alivuta pumzi ndefu. Wakatoka haraka kwenda ofisi ya ule mfuko, maana haikuwa mbali, nao bado walikuwa na tumaini.

Mama wa sauti ya upole alikuwa anafunga droo zake. Alisoma maneno ya msimamizi mara mbili, akavua miwani. Alisema amefurahi sana kwamba jina la mama ni safi. Kisha akasema kwamba mchana huu, baada ya muda kupita, walimpigia simu mwanamke mwingine aliyekuwa anasubiri nafasi. Amekubali. Alilia kwa furaha kwenye simu, na hawawezi kumpokonya.

"Mngekuja hata jana," alisema.

Kasuku alitafsiri na hilo pia. Lilikuwa neno jepesi kwa Kiingereza, jepesi kwa Kiswahili, na lilimkwaruza koo kwa lugha zote mbili.

"Mwakani kunaweza kuwa na nafasi nyingine," mama yule aliendelea, "ingawa sina hakika kama fedha zitapatikana. Muulize mama yako kama ataomba tena, niweke jina lake."

Mama alifikiri. "Mwambie, tukijaaliwa," alisema.

Kasuku alifungua mdomo. Lilikuwepo neno la kukubali, nalo lilikuwa karibu, tayari. Lilikuwepo la "labda", nalo lilikuwa karibu. Alilitazama hili, akalitazama lile, na hakuna lililokuwa neno la mama.

"Sijui," alisema kwa Kiingereza. "Amesema neno ambalo sijui kulitafsiri."

Mama yule aliiweka kalamu chini. "Basi nielezee polepole. Mimi nina muda."

"Ni kama kusema anataka," Kasuku alisema, akitafuta njia. "Lakini si yeye anayeamua. Na kama haitakuwa, hatamlaumu mtu."

Mama yule alitazama karatasi yake yenye vijumba viwili, cha kukubali na cha kukataa. Alisema hapo hapana mahali pa kuandika hivyo, lakini ataliandika jina, na chini yake ataandika maelezo ya mtoto.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Ilikuwa saa ya watu kutoka makazini, nao walipishana na watu wengi waliokuwa na haraka. Walipovuka barabara, mama alipunguza mwendo.

"Kulikosea neno si dhambi," mama alisema. "Mimi nakosea kila siku. Majuzi nilimwita msimamizi kofia kwa Kiingereza, nikidhani namwita mkuu. Aliyekosea anacheka, anaulizia, anarekebisha, maisha yanaendelea. Wewe uliliona kosa, ukalifunika, ukaniacha mimi nalitafuta kwenye mikono yangu. Hilo ndilo lililoniumiza. Na huko kufunika ndiko kulikokula nafasi yangu, mwanangu, si lile neno. Ungesema Jumatano, ningeipata. Jifunze kusema 'sijui', na jifunze kusema 'nimekosea', mapema, kabla hayajawa mazito. Vinginevyo Kiingereza chako chote ni kelele tu."

Kasuku alikuwa analia, na hakujificha. "Umenisamehe, mama?"

"Nilikusamehe wakati navaa viatu," mama alisema, akamfuta uso kwa ncha ya koti lake. "Lakini msamaha wangu haurudishi nafasi. Hilo nalo ulijue."

Jumatatu asubuhi mama aliingia nyumba ya wazee, akajaza ndoo maji, akaanza kupiga deki korido ndefu. Ng'ambo ya mji, mwanamke mwingine, mgeni kama yeye, aliingia darasani akakaa kwenye kiti chake.